Filamu Tuliyoibashiri Bila Kuiulizia

Jumamosi mchana karakana yangu hugeuka kijiwe cha wabishi. Mimi ni fundi wa makochi. Navua kochi kitambaa chake chakavu, natoa sponji iliyokwisha, naweka mpya, kisha nalivika upya mpaka mwenyewe akija anasita kidogo kabla ya kukalia. Yale yaliyokwisha kutengenezwa na hayajachukuliwa ndiyo viti vya wageni wangu. Nimewakataza wasiweke vikombe vya chai juu ya mikono ya makochi ya watu, na kila Jumamosi wanaviweka.

Wageni wenyewe ni watatu. Yupo Ushahidi, karani mstaafu wa mahakama, aliyepewa jina hilo kwa sababu ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza ushahidi uko wapi, hata kama na yeye amelowa chepechepe. Yupo Nesi wa wodi ya watoto, mwanamke mpole kazini na mkali kwenye mjadala, ambaye hakuna kinachosemwa mtandaoni kikampita. Na yupo Shemeji, mdogo wa mume wangu, fundi umeme, anayezifufua deki zetu zinapogoma kusoma diski. Mimi wananiita Fundi, basi.

Kinachotukutanisha ni filamu. Sisemi zile za magari kuruka na majengo kulipuka. Zetu ni zile za watu kukaa mezani kimya kwa muda mrefu, halafu mmoja anainuka anafunga dirisha, na wewe unayetazama unalia bila kujua kwa nini. Mume wangu anaziita filamu za kusubiria usingizi. Tunazitaka kwenye diski, ndani ya kasha, na kijitabu chake, kwa sababu cha mtandaoni leo kipo kesho kimeondolewa, lakini diski ikishaingia kabatini kwako hakuna wa kukupokonya.

Ng'ambo kuna kampuni moja inayotafuta filamu za aina hiyo, inazisafisha picha na sauti, na kuzitoa upya. Sisi tunaiita Kampuni, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Ina mchezo wake. Kila mwezi, kabla ya kutangaza inachotoa, inaweka hewani kipande kifupi cha sauti kutoka kwenye filamu hiyo, bila jina, bila picha. Wakusanyaji wa dunia nzima wanakisikiliza na kubashiri. Mwezi mmoja kilikuwa kikohozi. Tulibishana juu ya kikohozi hicho mpaka chai ikapoa. Nesi akashikilia kuwa mapafu ya namna ile ni ya mtu aliyefanya kazi kwenye vumbi, kwa hiyo ni filamu ya wachonga mawe, na kweli ikawa ya wachonga mawe. Alitembea na ushindi huo mwaka mzima, hatukupumua.

Mchezo huo una sheria moja, na wakusanyaji wa kila mahali wanaiheshimu kuliko sheria za barabarani. Kubashiri ni ruhusa, kuiandikia Kampuni na kuuliza ni mwiko. Anayeuliza anaonekana kama mtu anayechungulia karata za mwenzake. Anasemwa, anachekwa, na wengine wanaacha kabisa kumjibu salamu.

Mimi nilikuwa na filamu moja tu niliyokuwa nikiingoja. Ilipigwa zamani kwenye mtaa tuliokuwa tukiishi, na mtengenezaji filamu aliyekuja na kamera moja na kuwatumia watu wa pale pale badala ya waigizaji. Inahusu mtaa wenye bomba moja la maji. Ilishinda tuzo mahali fulani, ikaonyeshwa kidogo, ikapotea. Jina lake refu halikai mdomoni, kwa hiyo sisi tunaiita Bombani.

Mama yangu yumo ndani ya Bombani. Yuko kwenye foleni ya maji. Alifariki mimi sijaanza hata kutambaa, na picha zake zote zilikuwa kwenye sanduku moja lililochukuliwa na mafuriko. Sijawahi kuuona uso wake. Watu wazima wenzangu wanalalamika kuwa wamefanana na mama zao, na mimi nawasikiliza huku moyo unaniuma, kwa sababu sijui hata kama nimefanana na wangu.

Aliyenilea ni Mama Mdogo, mdogo wake, ambaye siku hiyo ya kamera alikuwa amesimama kando akitazama. Yeye peke yake ndiye aliyebaki wa kuweza kunyoosha kidole kwenye ile foleni na kusema yule pale. Na Mama Mdogo ana presha ya macho. Daktari alituambia wazi kuwa kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kinakwenda taratibu. Ndiyo maana sikuwa na subira. Filamu ingekuja baada ya macho yake kwisha, ningekuwa na foleni nzima ya wanawake na nisijue yupi wa kwangu.

Basi mwezi mmoja Kampuni ikaweka sauti ya maji yakiingia kwenye ndoo.

Niliisikiliza nikiwa na misumari mdomoni, karibu niimeze. Maji yalianza kwa kupiga bati, yakapanda, yakawa na sauti ya ndoo inayojaa. Nikaiweka tena. Nikaiweka tena.

"Bombani," nikasema.

"Maji ni maji," Ushahidi akasema. "Filamu ngapi zina ndoo? Hata ile ya mwosha farasi ina ndoo. Ushahidi uko wapi?"

"Unasikia bati? Hilo ni bomba la nje."

"Nasikia unachotaka kukisikia."

Nilimwambia aondoe kikombe chake kwenye kochi la watu. Nilikuwa nimechukia, na nilichukia zaidi kwa kuwa alikuwa na hoja.

Lakini Jumamosi iliyofuata Nesi aliingia anahema, hata viatu vya wodini hajabadilisha. Mtandaoni, akasema, kuna mtu mwenye jamaa yake ndani ya Kampuni, naye anasema ni Bombani. Kuna mwingine, mwanamke anayeheshimika sana kwenye jukwaa la wakusanyaji, amethibitisha. Na duka moja la ng'ambo limeshaweka ukurasa wake, kasha bado halina picha, lakini jina lipo, na watu wanaagiza. Shemeji akapiga makofi. Ushahidi alichukua simu ya Nesi, akasoma kila mstari huku ameinua miwani juu ya paji la uso, kisha akairudisha.

"Duka ni duka," akasema polepole. "Hapo nawapa."

Ushahidi kukubali jambo ni kitu cha kusimulia wajukuu. Nilifunga karakana mapema, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Mdogo. Nilimkuta anachambua mchele kwa kupapasa. Nikamwambia, Mama, Bombani inakuja, tutamwona. Aliacha mchele.

"Wewe," akasema, "usinichezee na jambo hilo."

"Sichezi, Mama. Duka limeshaandika."

Tangu siku hiyo alianza kazi yake mpya. Nikimtembelea namkuta kakaa kitini, kafumba macho, mchana kweupe. Mara ya kwanza nilidhani amelala. Akaniambia halali, anayaweka akiba. Hataki kuyatumia kwa upuuzi, kutazama kuku na majirani, halafu dada yake aje ayakute yamekwisha. Nilimweleza kuwa macho hayawekwi akiba, daktari hakusema hivyo. Akanijibu kuwa daktari hajui kila kitu, nimtilie chai na nimwekee kikombe mkononi. Nilicheka mbele yake. Nilipotoka nje nililia hadi nikaona haya mbele za watu.

Kampuni ikatangaza. Ilikuwa ya mwosha farasi.

Mtu mwingine angetamba, lakini Ushahidi akatoa kalamu akaanza kuwahoji wenzake kama yuko mahakamani. Duka lilipata wapi jina? Kwa yule mwanamke anayeheshimika, maana duka hilo hufuata neno lake. Yeye alithibitisha kutoka kwa nani? Kwa yule mwenye jamaa ndani ya Kampuni. Na huyo jamaa? Nesi alipekua simu yake kurudi nyuma, akarudi tena nyuma, uso ukabadilika.

"Hakuna jamaa," akasema. "Alisoma mahali kwamba kuna watu kwenye mji ilipopigwa hiyo filamu wana uhakika. Akajiongezea jamaa."

"Watu gani hao?"

Nesi akamgeuzia Shemeji simu. Ujumbe wa kwanza kabisa, ule uliozaa mengine yote, ulikuwa wa Shemeji. Aliuandika jioni ile ile tuliyosikiliza maji, akiwa amekaa kwenye kochi langu la kijani: sisi huku tunaamini ni Bombani.

"Mimi nilibashiri tu," Shemeji akasema. "Kila mtu anabashiri."

Basi ndivyo tulivyokuwa tumejiuzia uvumi wetu wenyewe. Ulitoka karakana kwangu, ukazunguka dunia, ukavaa suti, ukarudi kugonga mlango, na sisi tukaupokea kwa shangwe kama mgeni. Shemeji alikuwa amejikunyata pembeni, na kwa mara ya kwanza sikuwa na nguvu ya kumfokea. Nilimfikiria Mama Mdogo kitini, amefumba macho.

"Tusubiri mwezi ujao," Nesi akasema kwa upole. "Huenda—"

"Sisubiri," nikasema. "Nawaandikia."

Walinitazama wote watatu. Ushahidi akavua miwani.

"Fundi, unajua watasema nini."

"Waseme. Miaka yote hii tumekaa hapa tunatega masikio kwenye vikohozi. Kuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwauliza kama wanayo?"

Jibu lilikuwa linajulikana. Sisi na maelfu ya wakusanyaji tulikuwa tumeibashiri Bombani mwaka hadi mwaka, tumeitungia kasha, tumegombana juu ya rangi ya kijitabu chake, na hakuna aliyeiulizia. Nilishikwa na hasira ya ajabu, nyingi yake juu yangu mwenyewe. Niliandika pale pale, nikiwa nimesimama, na Shemeji akanisahihishia lugha ya watu. Sikuremba. Nilisema mama yangu yuko kwenye foleni ya maji, mwenye kumtambua anapoteza macho, je, mnayo?

Wakajibu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba walijibu upesi na kwa adabu. Mwanamke wa huko aliandika kuwa hawanayo na hawajawahi kuwa na mpango nayo. Mikanda yake haijasafishwa, mingine imeraruka, na yote imehifadhiwa kwenye nyumba ya kumbukumbu za filamu. Akataja nyumba yenyewe. Iko kwenye mji mkuu wetu. Ukipanda basi asubuhi, unafika bado jua liko juu.

Nilipiga simu. Aliyepokea alikuwa mtunzaji wa mikanda, mtu wa sauti ya taratibu, na akanieleza taratibu vilevile kuwa haiwezekani. Mikanda ile ni dhaifu, haipiti tena kwenye mashine ya kuonyeshea. Wanaoruhusiwa kuikaribia ni watafiti.

"Mimi ni mtafiti," nikasema.

"Wa nini?"

"Wa mama yangu."

Akasema anasikitika, akakata. Jumatatu iliyofuata nikapiga tena, kabla hajanywa chai. Na Jumatatu nyingine. Mtu mmoja aliwahi kuniambia kuwa nina kichwa kigumu, nikamwambia ajaribu kung'oa misumari kwenye kochi la miaka arobaini kwa kichwa laini. Mtunzaji alipoacha kupokea simu yangu nilipiga kwa simu ya Nesi, kisha ya mume wangu, kisha ya mteja aliyekuja kuchagua kitambaa. Ushahidi akaandika barua ya maombi kwa lugha ya mahakamani, nzito kiasi kwamba hata mimi niliisoma nikahisi nimeshtakiwa. Mtandaoni wakusanyaji walishapata habari kuwa nimeuliza, na walinisema vizuri sana. Wapo walioandika nimeua mchezo. Sikuwajibu hata mmoja, nilikuwa na kazi.

Mwishowe mtunzaji alipiga mwenyewe.

"Ipo meza," akasema bila salamu. "Meza ya kutazamia. Mkanda unapitishwa kwa mkono, polepole, chini ya taa ndogo. Haiuharibu. Ila haina sauti, na mtaona picha ndogo tu. Njooni Alhamisi. Na tafadhali, Jumatatu usipige."

Nilikwenda kumwambia Mama Mdogo. Nilikuwa nimeogopa kumpa tumaini la pili, lakini hakuuliza kama nina uhakika. Aliuliza avae nini. Njiani tulikaa viti vya mbele, nikaona jinsi anavyougeuza uso kufuata mwanga wa dirisha, na wala si kufuata vitu vilivyokuwa vinapita. Nikamwuliza anaona kiasi gani. Akasema anaona kiasi cha kutosha. Nilijua anadanganya na nilimwachia uongo wake.

Chumba kilikuwa cha baridi, kina rafu za makopo ya bati hadi darini na harufu ya siki ya mikanda iliyozeeka. Mtunzaji alikuwa kijana kuliko sauti yake. Alivaa glavu nyeupe, akatuwekea viti viwili mbele ya meza, akaupitisha mkanda kwenye magurudumu yake. Kwenye kioo kidogo, kisichozidi ukubwa wa sahani, mtaa wetu ukatokea. Niliujua kwa ukuta wa duka la kona, ambao bado upo.

Kisha foleni. Wanawake na ndoo zao, mmoja nyuma ya mwingine.

"Hao hapo, Mama," nikasema. "Yupi?"

Mama Mdogo alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Akageuza kichwa upande, akatazama kwa kona ya jicho, akageuza upande wa pili. Mtunzaji aliusimamisha mkanda, akaurudisha, akausimamisha tena bila kuambiwa. Nilisikia pumzi za Mama Mdogo. Mwisho akarudi nyuma kitini.

"Naona taa," akasema. "Naona taa tu, mwanangu."

Nilikuwa nimeshindana na dunia nzima kufika kwenye kile kiti, na nilifika nimechelewa. Nilijisikia kuvunjavunja ile meza. Badala yake nikafanya jambo pekee lililobaki.

"Basi nitakusimulia mimi," nikasema. "Mmoja baada ya mwingine. Wewe niambie."

Nikaanza mwisho wa foleni. Huyu mrefu, ana kitambaa cha madoadoa, kabeba ndoo kichwani. Hapana, akasema, huyo aliolewa akahamia mbali. Huyu mfupi, anajikuna shingo. Hapana, huyo mama wa yule kinyozi. Huyu ana mtoto mgongoni. Hapana. Huyu anacheka, ana pengo. Hapana, maskini, huyo. Nikasimulia hadi aliyekuwa amesimama kwenye bomba lenyewe, na kila mmoja alikuwa hapana, na foleni ikaisha.

"Endelea kuzungusha," nikamwambia mtunzaji.

Akazungusha. Mwanamume akaingia pichani, kijana nadhifu, bila shaka ndiye mhusika mkuu. Akaipita foleni yote, akaisukuma ndoo iliyokuwa bombani na kuweka yake. Wanawake wakainamisha macho, kama walivyofundishwa. Nikamsimulia Mama Mdogo haya yote kwa sauti iliyokauka. Halafu kuna kitu kikaingia kutoka pembeni.

"Kuna mwanamke mwingine anakuja," nikasema. "Hakuwa kwenye picha, alikuwa nyuma kabisa. Anatembea haraka. Amemfikia yule kijana. Ameichukua ndoo ya kijana. Anaimwaga, Mama. Anakwenda kuiweka mwisho wa foleni. Sasa anarudi, kidole kiko usoni kwa kijana. Kijana anarudi nyuma. Sasa amegeuka, anatazama huku, kwenye kamera, na anamfokea huyo aliyeshika kamera."

Mama Mdogo alikuwa ameanza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega tu, kisha akacheka kwa sauti hadi mtunzaji naye akatabasamu.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye. Waliwaambia wote wasimame tu, wamwache yule kijana achote. Kazi hiyo moja. Akasema hata kwenye filamu hapitwi foleni na mtu. Walimsihi warudie, akakataa, akachota maji yake akaenda zake."

Mtunzaji alisimamisha mkanda bila kuambiwa. Mama yangu akabaki pale kwenye kioo, mdomo wazi, kidole juu, ananitazama mimi moja kwa moja. Alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Nililia bila kujizuia, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Mama Mdogo alinipapasa hadi akaupata mkono wangu. Alikuwa ameacha kucheka.

"Nilikuwa naogopa kukuambia," akasema. "Uso wake umenitoka. Kitambo sasa. Sauti ninayo, mwendo ninao, uso hapana. Nilidhani nikimwona utanirudia." Akafumba macho, akakaa vizuri kitini. "Hebu nieleze wewe. Dada yangu ana sura gani?"

Nikafuta machozi, nikavuta kiti changu karibu na kioo, nikaanza na paji la uso.